Asiamkiwe Aliyevaa Miwani

RISALA YA MAMA WA VIJANA WA CHUMBA CHA MIWANI KWA MGENI RASMI, SIKU YA UZINDUZI WA CHUMBA HICHO KATIKA BOHARI KUU YA DAWA

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, mkuu wa bohari, wabunifu, watoto wetu mlio kazini, na ninyi wazazi wenzetu mliobanana kwenye mabenchi ya nyuma:

Makaribisho

Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kwenye ratiba tumepangiwa dakika chache kati ya wimbo na chai, tukaambiwa tutoe shukrani. Shukrani zipo, utazisikia. Ila tumekuja pia na hofu, na hofu ikishakaa tumboni haingojei chai.

Risala hii ni yetu sote. Lakini kiini chake ni jambo lililompata mwenzetu mmoja, fundi cherehani, pamoja na binti yake wa kwanza. Tulimwomba asimame hapa aseme "mimi niliona". Akasema akianza na "mimi" sauti itamkwama njiani, afadhali isomwe kama habari ya mtu mwingine. Kwa hiyo ukisikia "mama huyu", ujue yupo, anakusikiliza.

Tulikotoka

Bohari hii tunaijua tangu ilipokuwa ghala la magunia. Wengi wetu tumepanga foleni kwenye zahanati inazozilisha, watoto mgongoni wanachemka, tukaambiwa dirishani, "Dawa hakuna, jaribuni wiki ijayo." Baadaye tukasikia kwamba dawa ileile ilikuwa imejaa rafu kwenye zahanati ya mtaa wa pili hadi inapita tarehe. Haikuwa roho mbaya ya mtu. Karatasi zilikuwa nyingi, na karani ana macho mawili tu kama sisi.

Ndipo wakaja wabunifu na miwani. Watoto wanatuambia jina lake la kitabuni ni uhalisia pepe. Sisi tunaiita miwani, ingawa inafunika nusu ya uso kama kofia ya bodaboda iliyovaliwa kinyumenyume. Aliyeivaa haoni tena meza wala ukuta. Anajikuta amesimama katikati ya uwanja mpana, na kila zahanati imesimama mbele yake kama nguzo ya mwanga. Zahanati yenye dawa nyingi nguzo yake ni ndefu, inamfika kifuani. Iliyopungukiwa ni kijiti tu, chini kabisa, karibu na miguu. Hesabu zote za bohari zilizokuwa zimelala kwenye mafaili sasa zimesimama wima kama watu.

Na humo ndani hakuna kitufe. Wabunifu walisema mtu hawezi kupapasa vitufe asivyoviona, basi macho yake na mikono yake ndiyo iwe vitufe. Ukiitazama nguzo ukatulia kidogo, inang'aa, mashine imejua unaitaka hiyo. Ukifumba kiganja, umeishika. Ukiuvuta mkono kuja kifuani, umeiondoa dawa pale, na gari linatumwa kuichukua ipelekwe hospitali kubwa. Ukiusukuma mkono mbele, umeongeza. Tazama, fumba, vuta. Watoto waliyashika hayo upesi kuliko sisi tulivyoshika simu.

Tuliyoyafurahia

Tusiwe wachache wa fadhila. Vijana wetu waliokuwa wakikaa vibarazani wakihesabu magari wamepata kazi ya kuwafanya waamke wakiwa na haraka. Zahanati za pembezoni zimeanza kupata dawa kabla hazijalia. Mama huyu fundi cherehani alikuwa akimngoja binti yake mlangoni kama mtu anayengoja redio ifunguliwe.

"Mama, leo zahanati ya kule kwa bibi ilikuwa kijiti tu, nikaijaza."

"Umeijaza na nini, we mtoto?"

"Macho na mkono."

"Basi geukia huku, kitazame na hiki chungu changu."

Wakacheka mpaka mdogo wake akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Tunalisema hili, mgeni rasmi, ili usije ukadhani sisi ni watu wa kukataa kila kipya. Tulikipenda hiki kitu. Ndiyo maana kimetutisha.

Yanayotutia hofu

Kulikuwa na siku ya wazazi. Tulialikwa tuone watoto wanavyofanya kazi. Tukapangwa ukutani kwenye chumba hichohicho utakachoingia leo, kina zulia jepesi, viti vya magurudumu na kioo kikubwa kinachoonyesha anachokiona mwenye miwani. Binti wa mwenzetu akasimama katikati, uwanja wake siku hiyo ukionyesha dawa ya wazazi wanaojifungua. Akatazama nguzo, ikang'aa. Akafumba, akasukuma, akavuta, kama mtu anayetandika kitanda kisichoonekana. Mama yake akamkanyaga jirani yake mguu kwa furaha.

Wakati huo akaingia mkuu wa zamani wa stoo, mzee wetu sote, aliyewafundisha kazi nusu ya watu wa bohari hii. Mzee ni mtu wa watu. Hakuona sababu ya kupita kimya kama mwizi. Akamwendea binti moja kwa moja.

"Hujambo, mwanangu! Kumbe ndio wewe uliyejificha humo?"

Miwani ile humwonyesha mtu aliye karibu kama kivuli. Binti akakiona kivuli, akaijua sauti. Akafanya kile ambacho mtoto yeyote aliyelelewa angekifanya. Akainamisha macho. Akasema, "Shikamoo, babu." Akanyoosha mkono, mzee akaupokea, viganja vikafumbana, kisha akaurudisha mkono wake kifuani kwa heshima.

Tazama. Fumba. Vuta.

Macho yaliyoinama yalikuwa yameangukia vile vijiti vya chini, karibu na miguu. Kwenye kioo tukaona kijiti kimoja kikiwaka, kikanyanyuka, kikapotea.

Na sisi tukapiga makofi.

Tulidhani ni sehemu ya maonyesho, mgeni rasmi. Wengine walipiga vigelegele. Mama huyu peke yake hakupiga, kwa sababu hakuwa akitazama kioo, alikuwa akiutazama mdomo wa mwanawe chini ya miwani, na mdomo ule ulikuwa umefunguka ukabaki hivyo.

Siku zile zilikuwa za majaribio, na karani wa usafirishaji alikuwa na kazi ya kuipigia simu kila zahanati kabla gari halijaondoka. Akapiga. Simu iliwekwa sauti ya juu ili wazazi nao wasikie kazi inavyokwenda. Akapokea nesi wa zahanati ya bondeni.

"Mnasemaje? Mnakuja kuchukua dawa ya kuzuia damu?"

"Ndiyo, dada. Amri imetoka humu."

"Imetoka kwa nani huyo? Nimebakiwa na kidogo, na nina mzazi kitandani sasa hivi, damu inamwagika! Nani kaamuru? Niambieni jina lake!"

Karani akamwambia ni kosa, aendelee na mgonjwa wake, gari haliji. Mzee wa stoo alikuwa bado amesimama mbele ya binti, hajui amefanya nini. Binti akavua miwani taratibu, akautazama mkono wake wa kulia kama si wake.

Mama yule wa bondeni alipona, na mtoto wake. Tulituma mtu kuuliza. Lakini alipona kwa sababu ya simu. Na ratiba tuliyopewa inasema kwamba leo, ukishakata utepe, simu ile inaondolewa. Amri itatoka kwenye jicho na mkono, iende moja kwa moja garini.

Tulikwenda kwa wabunifu. Mkubwa wao ni kijana mpole ambaye watoto humwita Kiganja, kwa kuwa hata akila mkono wake mmoja uko hewani unapima kitu. Hakutufukuza. Alituketisha, akatuletea maji.

Mama huyu akamwuliza, "Mwanangu, hii mashine mliijaribia wapi?"

"Juu, mama. Kwenye chumba cha utulivu. Mmoja mmoja, mlango umefungwa."

"Na aliyekuwa ndani, kuna mtu aliingia akamwamkia?"

Kijana akatikisa kichwa. Akasema, "Mlangoni tulibandika karatasi, msiingie."

"Basi mmeishonea watu wasioamkiwa. Kwetu mtu huyo hayupo."

Kiganja akasema watawafundisha vijana wasiinamishe macho wakiwa kazini. Watakuwa na mafunzo ya kukaza macho. Mama akacheka, kicheko cha kukosa cha kufanya.

"Mimi huyu nimemfundisha kuinamisha macho tangu hajaota meno. Samaki tulimkunja angali mbichi. Leo amekauka, wewe unataka kumnyoosha kwa wiki moja? Atavunjika, mwanangu."

Mafunzo yalifanyika hata hivyo, na tumeyaona matunda yake majumbani. Vijana wanapita mtaani macho makavu, mikono wameifungia nyuma. Muuza mkaa amemwambia mama huyu, "Binti yako siku hizi ananitazama kama askari aliyenishika na kitu." Aibu hiyo tungeimeza, mgeni rasmi. Adabu si kubwa kuliko damu ya mzazi aliye kitandani. Kama macho makavu yangetosha, tungewaomba radhi majirani nyumba kwa nyumba, tukaendelea.

Hayatoshi. Juzi mdogo wa binti huyu alishikwa na homa. Dada yake akamchukua mapajani, lakini uso akaugeuzia dirishani.

"Mbona humtazami mwenzio?" mama akamwuliza.

"Namtazama kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo ndiyo vipi?"

"Nikimkazia macho naogopa atang'aa, mama. Halafu huu mkono sijui utafanya nini."

Mikono alikuwa ameikalia. Mtoto amelala mapajani, yeye ameikalia mikono yake mwenyewe.

Wakati wako hivyo, akaingia baba mkubwa bila kubisha hodi, kama ilivyo kawaida yake, sauti imetangulia mwili. Mafunzo yote yakaporomoka kama ukuta wa mchanga. Macho chini. Mkono mbele. Viganja vikakutana. Mkono kifuani. Kisha binti akaganda hapohapo, akamgeukia mama yake akauliza kwa sauti ndogo:

"Nimeondoa ipi?"

Hakuwa na miwani. Alikuwa sebuleni kwao, pembeni ya cherehani.

Baba mkubwa akadhani ni mzaha. "Umeondoa nini tena? Njaa yangu?" Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo mama huyu anashona anapinda mishono. Akiona gari la dawa limepita barabarani anasimama mpaka lipotee, akijiuliza linapeleka au linachukua. Anaogopa kwamba siku moja mwanamke fulani asiyemjua atavuja damu mpaka aishe, kwa sababu tu mtoto wake alisema shikamoo. Na siku hiyo ikifika, tumeshajua itakavyoandikwa: kosa la mtumishi. Hakuna atakayeandika kwamba mashine iliwekwa ichukue heshima iifanye amri.

Jicho, mgeni rasmi, halina mlango. Linakwenda kwenye kelele, linakwenda kwenye kinachong'aa, linakwenda kwa unayempenda na kwa unayemwogopa, na mara nyingi linakwenda kabla mwenyewe hajataka. Mkono nao una mambo yake. Unafukuza inzi, unapangusa jasho, unashika moyo ukistuka. Mtu akitazama hajaamua bado. Sisi mama tunajua, maana tumewatazama watoto wakikaribia moto mara nyingi kabla hatujanyanyuka.

Maombi yetu

Simu ibaki. Hili ndilo la kwanza, na kama muda wako ni mfupi ulisikie hili peke yake. Nesi aulizwe kabla dawa yake haijaguswa, mpaka mashine ijifunze kuuliza vizuri kama karani.

Mashine nayo iulize. Kijana akishika na kuvuta, isikimbie. Imwambie, "Unaondoa dawa ya wazazi, zahanati ya bondeni, ni kweli?" naye ajibu kwa mdomo wake. Macho yameshafanya kazi ya kuona, mkono umeshafanya kazi ya kuonyesha, basi mdomo upewe kazi ya kukubali. Mtu hasemi "ndiyo, ondoa" kwa bahati mbaya wakati anaitikia salamu.

Mikono itengewe mahali pa kupumzikia ambapo mashine haioni kitu. Fundi cherehani ana kikanyagio, akiondoa mguu sindano inasimama hata kama kitambaa bado anakivuta. Watoto wetu nao wapewe kitu cha aina hiyo, cha kusema kazi imesimama, sasa mimi ni mtu tu. Na mlango ukifunguka, mashine ilale yenyewe, kwa sababu anayeingia ataamkia.

Zile zahanati zenye vijiti zisikae miguuni. Walio na kidogo ndio wanaohitaji kuwekwa usawa wa uso. Kwa jinsi ilivyo sasa, kila anayemheshimu mkubwa anamwangukia maskini.

Wabunifu wapewe muda. Kiganja mwenyewe alitusindikiza mpaka getini siku ile, akatazama nyuma kwanza, kisha akatuambia, "Mama zangu, haya nimeyasema ndani. Nimeambiwa tarehe imeshatangazwa. Ripoti yangu iko kabatini. Nyinyi mna risala, na risala husomwa mbele za watu." Tunajua kulisema hili hapa kunaweza kumletea matatizo. Tumemwuliza, amekubali. Tunakuomba umlinde, kwa kuwa anaogopa kama sisi, na mbunifu anayeogopa alichokibuni bado ana faida.

La leo hii

Mgeni rasmi, kuna kipengele kwenye ratiba kinachofuata baada ya chai. Kimeandikwa: mgeni rasmi kuingia chumbani na kusalimiana na mtumishi wa kwanza akiwa kazini. Mtumishi huyo ni binti wa mwenzetu. Tuliuliza kwa nini yeye, katika vijana wote. Tukajibiwa amechaguliwa kwa sababu ana adabu sana.

Amekwisha kuingia. Yuko nyuma ya mlango ule wa kioo cheusi, amevaa. Nguzo zimemzunguka, safari hii hakutakuwa na simu, na magari yako uani yamewashwa. Amefundishwa akaze macho. Lakini hajawahi kuamkiwa na mtu mkubwa kama wewe.

Tunakuomba usikate utepe leo. Likishindikana hilo, kwa sababu tunajua wageni wametoka mbali na mikasi imeshaletwa kwenye sinia, basi tunaomba moja dogo kabisa, lisilo na gharama. Ingia kimya. Usimwite "mwanangu". Usimpe mkono. Kaa kwenye kiti kilichowekwa ukutani, umwache mpaka avue, kisha umwamkie upendavyo.

Mpaka hapo atasimama mbele yako bila shikamoo. Watu watanong'ona. Wapiga picha watashangaa. Tafadhali ujue kwamba amepewa ruhusa. Jana jioni mama yake alimkalisha akamwambia, "Kesho akija yule mkubwa, usimwamkie. Nimekuruhusu mimi." Binti akalia, akasema hajawahi kuambiwa hivyo maishani. Mama naye hajawahi kusema hivyo maishani. Sisi wote tuliotia mkono katika risala hii tumeongeza ruhusa yetu juu ya ile yake.

Na utakapoingia, mgeni rasmi, ukamwona mtoto wa watu amesimama pale, mdogo, mpole, kisha ukahisi mkono wako unainuka wenyewe kumwelekea kabla hujaamua, hapo utakuwa umeuelewa woga wetu kuliko tulivyoweza kuuandika. Urudishe mkono mfukoni.

Mwenyezi Mungu akujalie usikivu wa nesi wa bondeni, akulinde wewe na wazazi wote watakaolala vitandani usiku wa leo wakitegemea kilichopo kwenye rafu. Awape wabunifu wetu subira, na awatulize watoto wetu mikono.

Ni sisi,
Umoja wa Mama wa Vijana wa Chumba cha Miwani.